Tuliwasha sigiri stoo tupate joto, wifi akaanguka, na mimi nimenyamaza

Senga shikamoo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Kabale. Nimeolewa huku lakini ni mtoto wa Busia, baba alikuwa polisi kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichokulia kambini, Rukiga yangu mpaka leo ni ya kununulia viazi sokoni tu. Ndo maana nakuandikia wewe, haya mambo huku sina wa kumwambia na hata lugha ya kuyasemea sina.

Mwezi wa kwanza nilienda kliniki na kichwa, kunipima presha ikawa 150 kwa 95. Nesi akaniambia mama punguza chumvi, punguza uzito, fanya mazoezi nusu saa kila siku. Sasa Senga, mazoezi wapi? Kukimbia barabarani mtu mzima kama mimi na trakisuti watoto watanifuata wakiimba, na mama mkwe wangu ni mlokole wa zamani, mwanamke kuvaa suruali kwake ni vita. Gym mjini ipo ila hela, na mzee wangu alisema sawa nenda halafu akanuna siku tatu, nikaelewa.

Basi nikaenda stoo. Nyuma ya nyumba tuna stoo ya viazi, ukuta matofali, juu bati tupu bila silingi, chini sementi. Nikasukuma magunia ya Irish upande mmoja ikapatikana nafasi ya watu wanne hivi. Nikawa naingia saa kumi na moja alfajiri kabla sijaamsha watoto, nafuata video kwenye simu. Mwezi wa nne wifi yangu akajiunga, halafu jirani wawili, tunaruka kamba, tunapiga skwati, tunanyanyua debe la viazi kama vyuma, tunacheka mpaka tunasahau kilichotuleta. Presha ikashuka mpaka 138 Senga, nilitaka kumkumbatia yule nesi.

Halafu ikaja Juni. Wewe kama uko Kampala hujui baridi. Hapa Juni na Julai alfajiri ukungu umelala bondeni huoni hata mlima wa jirani, ukipumua unatoa moshi kama boda mbovu, na ile sementi inapita kwenye raba mpaka kwenye mfupa. Jirani mmoja akaanza kukosa. Mimi kwenye simu nilikuwa naona wazungu wa Kanada wanafanya mazoezi gereji wakati wa winta, nje theluji, pembeni wameweka hita, nikasema si na sisi tuna hita yetu. Mama mkwe ana sigiri anayoingia nayo chumbani kila usiku wa baridi, akanipa ile nyingine ya zamani. Nawasha makaa nje, moshi ukiisha ndo naingiza. Raha! Tukaziba na yale matundu ya hewa ukutani kwa magunia, chini ya mlango tukaweka blanketi, joto lisitoroke.

Kichwa kilinianza wiki hiyo hiyo. Kinaanza tunapomaliza, ikifika mchana kimekwisha. Nikasema presha hiyo.

Jumanne moja ya Julai wifi, ambaye ana mimba ya miezi minne, akasema anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, tukasema ni mimba. Akakaa juu ya gunia. Tulipogeuka yuko chini. Tukamburuta nje tukamlaza kwenye majani na umande wake, baadaye akafungua macho akauliza kwani hapa ni wapi. Yule jirani mwingine akatapika hapo hapo, mimi kichwa kilikuwa kinapasuka.

Nyumbani hukumu ilitoka kabla ya chai. Mama mkwe akasema mazoezi yamemtikisa mtoto tumboni, mjamzito anarushwarushwa kwenye baridi, ataongeza na nimonia. Mume wa wifi akasema mke wake asikanyage tena kwangu. Mwingine anasema ile stoo ina mapepo. Sigiri hakuna aliyeitaja. Na mimi usiku ule ule niliingia Google nikasoma kuhusu gesi ya makaa, nikaona yote yameandikwa kama vile aliyeandika alikuwepo. Mzee akanipigia toka safarini, anaendesha lori, akauliza kwani ilikuwaje? Nikamjibu sijui.

Wifi anatembea, anasema yuko sawa, lakini hajaenda kupimwa toka siku hiyo kwa sababu tarehe ya kadi yake bado. Jirani zangu wanasema turudi ila bila moto hawaji. Nikisema ukweli, mwenye kuwasha ni mimi na mwenye kuziba ni mimi. Tena sigiri ni ya mama mkwe, nitaonekana namsingizia mzee aliyenipa kwa moyo safi, ambaye ametumia sigiri miaka 40 na bado akishika jembe ananishinda, hata mtoto wangu wa mwisho siku za baridi analala kwake. Nikinyamaza mazoezi ndo yamekufa na presha najua itarudi.

Kuna njia ya kupata joto stoo bila kuvunja familia?

Mimi mwenye baridi, Kabale


SENGA ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilicheka pale kwenye boda mbovu, ya pili sikucheka kabisa. Na kwa taarifa yako Senga sio wa Kampala, nimezaliwa Kapchorwa, juu kule mlimani, baridi ya alfajiri tumekua nayo nyumba moja.

Ngoja niseme nilivyokuelewa, nikikosea utanirudi. Ulipata ugonjwa, ukapata dawa isiyo na bei, na juu yake ukapata marafiki. Baridi ikataka kukunyang'anya vyote, ukaizuia kwa sigiri, sigiri ikaangusha mtu, halafu lawama yakabebeshwa mazoezi. Wewe peke yako unamjua mwizi na unaogopa kumtaja kwa sababu ni wewe uliyemfungulia mlango.

Mimi sio daktari na sikuwepo, ila uliyoyasoma yanafanana sana na uliyoyaandika. Makaa yakiwaka yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na haina undugu na moshi. Ukisubiri moshi uishe umejiokoa macho tu, gesi inaendelea kutoka mpaka kaa la mwisho lizime. Ikiingia kwenye damu inakalia kiti cha oksijeni na inakishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko mwenye kiti. Sasa weka hapo watu wanaoruka kamba, wanavuta hewa mara kadhaa zaidi ya mtu aliyekaa, matundu yamezibwa, na Kabale yenyewe iko karibu mita 2,000 juu ambako hewa tayari ni nyepesi. Kichwa kinachoanza humo ndani na kuisha mchana, kizunguzungu, kichefuchefu, watu watatu asubuhi moja. Na kama ni mazoezi ndo yamemtikisa wifi kwa sababu ya mimba, yule jirani asiye na mimba alitapishwa na nini? Hilo swali unaweza kuliuliza hata mezani, kwa upole, bila kumtaja mtu.

Mengine yote tutayazungusha lakini la wifi sitalizungusha. Hiyo gesi inavuka mpaka kwa mtoto tumboni, na kwa mtoto inachelewa kutoka kuliko kwa mama. Huenda yote ni salama na naomba iwe hivyo, lakini nesi atatafutaje kitu ambacho hakuambiwa? Tarehe ya kadi ni ya mambo ya kawaida, na kuzimia kwenye chumba chenye makaa sio jambo la kawaida. Aende sasa na aseme hivyo hivyo, nilizimia kwenye chumba kilichofungwa kina sigiri. Sasa unaona shida ilipo, hawezi kusema asichokijua. Kwa hiyo katika watu wote unaoogopa kuwaambia, kuna mmoja ambaye kumwambia ni haraka kuliko wengine, na nahisi hata wewe ulijua hilo ulipokuwa unaandika. Nenda na wewe ukapime, hicho kichwa umekipa jina la presha bila kipimo.

Tuje kwenye baridi yako, maana hapa nina maneno mengi.

Wale wazungu wako wa Kanada. Winta yao inaweza kufika digrii 20 chini ya sifuri, yako ya Kabale usiku ni digrii 10 hivi juu ya sifuri, na winta hata sio winta, tuko karibu na ikweta, baridi yenu inatokana na urefu wa milima. Hita yao kama ni ya umeme, haichomi kitu ndani ya chumba, ndo tofauti yake na sigiri. Hata jiko la mafuta ya taa usiniletee, ni ndugu yake. Ila mimi nataka kukuuliza, nani alikwambia chumba ndicho kinatakiwa kupashwa? Kwenye nguvu mwili unayotumia kuruka kamba, kama robo tu ndo inakurusha, zile robo tatu zinatoka kama joto. Wewe mwenyewe ni jiko. Baridi inayokushinda ni ya dakika kumi za kwanza kabla jiko halijashika, na ile ya mwisho ukishalizima.

Nyumbani kwetu Kapchorwa, alikotoka Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathoni London 2012, na Cheptegei wa dhahabu ya mita 10,000 Paris 2024, vijana ukiwaona alfajiri wanaanza taratibu kama wazee wanaoenda kanisani, jaketi, kofia, glavu, baada ya kilomita mbili tatu jaketi iko kiunoni. Hakuna anayewawashia moto barabarani. Na wewe fanya hivyo. Kunywa kikombe cha bushera ya moto, ule uji wa mtama, au chai kabla hujatoka, vaa ukiwa jikoni kwenye joto, anza kutembea hapo hapo nyumbani, zungusha mikono, panda shuka ngazi kama ipo, ukiingia stoo damu iwe imeamka. Dakika 10 mpaka 15 za kupasha misuli kabla ya kamba. Kwa mtu wa presha hii sio hiari, baridi yenyewe inabana mishipa na kupandisha presha, ukiruka kwa kishindo hapo hapo unaipandisha zaidi. Lile debe la viazi ukilinyanyua usibane pumzi, pumua nje. Na kifua kikiuma, acha.

Nguo, usivae sweta moja nene halafu basi. Ndani vaa ile jezi ya mpira ya mitumba, ile inayoteleza, sio fulana ya pamba, pamba ikinywa jasho inakaa nalo na inakugeukia kuwa kitambaa cha maji baridi mgongoni. Juu ya jezi sweta la sufi, juu ya sweta jaketi la upepo, unavua moja moja kadiri unavyopata joto, ukisubiri mpaka ulowe umechelewa. Soksi nene, kofia, na glavu hata za kulimia. Kwa mama mkwe, funga leso juu ya suruali mpaka mlango wa stoo, ndani huko ni wewe na viazi.

Sementi ndo adui yako mkubwa na hujapigana naye. Tandika maboksi yaliyokunjuliwa, juu yake mkeka, na kwa mazoezi ya kulala chini tafuta kipande cha godoro kuukuu. Hilo tu litakupa nusu ya joto ulilokuwa unalitafuta kwenye makaa. Bati tupu nalo linamwaga joto usiku kucha, ukiweza shona magunia yafunike kwa ndani kama silingi. Mlango uuzibe upepo ukitaka, lakini yale matundu yaache wazi, watu wanne wanahema humo, na viazi navyo vinataka hewa.

Hita ya umeme inawezekana. Ya wati 2,000 kwa nusu saa ni uniti moja ya umeme, piga hesabu ya mwezi uone kama mnaimudu mkichangishana. Shida ni kwamba kwenye bati bila silingi utakuwa unapasha moto mbingu, na kama umeme stoo unafika kwa waya wa kuunga unga usithubutu, utaondoa hatari moja uite nyingine.

Halafu kuna saa. Saa kumi na moja alfajiri ndo baridi iko kileleni, jua halijatoka. Saa kumi jioni lile lile bati ulilolilaani limechomwa na jua tangu saa nne, ingia ushike ukuta uone. Najua utaniambia watoto, shamba, chakula, na kwamba jioni watu wanaona nani anaingia wapi. Ni kweli, alfajiri ina siri yake na huenda hiyo siri ndo unayoipenda kuliko muda wenyewe, sikulaumu. Labda Juni mpaka Agosti iwe jioni, au siku mbili tatu tu za jioni, baridi ikiondoka mrudi alfajiri. Mkimaliza msikae kupiga soga na jasho, hapo ndo mtu anaganda, mbadilishe nguo kavu kwanza soga zifuate. Na mama mkwe umwambie kwa heshima nimonia inaletwa na vijidudu, baridi peke yake haiitengenezi, ila usimwambie siku moja na mambo mengine.

Maana mambo mengine yapo. Unasema ukisema ukweli wewe ndo mkosaji. Mkosaji wa nini hasa? Ulikuwa hujui, makaa yasiyo na moshi yanaonekana safi kila mtu anadanganyika. Ila toka usiku ule wa Google unajua, na "sijui" uliyompa mzee ndo inakulemea kuliko sigiri yenyewe, au nakosea? Unaweza kuanza na yeye, kwenye simu au akirudi, faida ni kwamba utakuwa na mtu upande wako mbele ya mama yake, hatari ni kwamba anaweza kukasirika kuwa ulimficha, au akapiga simu nyumbani usiku huo huo akaharibu kabla hujafika. Unaweza kuanza na wifi peke yenu njiani kwenda kliniki, huyo ndo aliyeumia na ana haki ya kwanza, lakini ana mume mwenye hasira na sio siri itakayokaa. Au umuombe nesi ndo aeleze, nyote mkiwa mmekaa, familia nyingi neno la nesi linapita mahali neno la mke haliendi. Hiyo ya nesi inakuficha kidogo, na sijui kama kujificha ndo kunakupa usingizi. Ya kunyamaza kabisa pia ipo, sikatai, watu wanaishi nayo. Ila angalia wale jirani wanaosema bila moto hawaji, kesho watawasha kwao na hawajui kitu.

Na kuna kitu ulikiandika mbio mbio kama hakina uzito, mimi ndicho kilichoniamsha usiku. Mama mkwe analala na sigiri, na mtoto wako wa mwisho analala humo humo.

Unasema miaka 40 haijamfanya kitu. Hebu muulize, kwa mazungumzo tu mkiwa mnamenya viazi, nyumba aliyokuwa analala na sigiri miaka hiyo ilikuwaje. Naweza kukuwekea dau ilikuwa ya udongo, paa la nyasi, kati ya ukuta na paa uwazi wa kupitisha mkono, nyumba inapumua yenyewe. Na sasa analala wapi? Chumba cha matofali, dirisha la vioo, mlango mzuri unaofunga, pengine ni ninyi watoto mlimjengea kwa mapenzi. Sigiri ni ile ile, nyumba ndo imebadilika. Hapo ndo naona njia ya kusema naye bila kumsingizia, kwa sababu hana kosa, na stoo yako ilikuwa hivyo hivyo mpaka siku mlipoziba matundu. Anaweza kukubali, anaweza kukwambia wasomi mna maneno mengi, wazee ndo walivyo. Usiingie kwenye ushindani wa nani anajua.

Lakini mtoto alale kwako leo, hiyo haihitaji kikao, sema umemkumbuka. Na mama mkwe mpelekee maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri, ivalishe soksi nzito, aweke miguuni chini ya blanketi, uone kama sigiri itakubali kubaki nje ya mlango hata usiku mmoja.

Wifi akitoka kliniki niandikie, usiku wowote.

Senga